Ufunguo wa Uwanja Ukae kwa Nani?

Ukitaka kuona watu wazima wakigombania nyasi, fuata habari za mji wa Cork, kusini mwa Ayalandi, mwaka 2018. Februari ya mwaka huo alifariki Liam Miller, kiungo wa zamani wa Celtic na Manchester United, kwa saratani ya kongosho. Alikuwa na miaka 36 na watoto watatu. Wenzake wakapanga mechi ya hisani: wakongwe wa United wakutane na wakongwe wa Celtic na Ayalandi, mapato yaende kwa familia yake na kwa taasisi za hisani, hospisi ya Marymount, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, ikiwa mojawapo. Roy Keane, nahodha wa zamani wa United na mtoto wa Cork kama Miller, alikuwemo. Mechi ilipangiwa Turner's Cross, uwanja wa soka wa mji, unaochukua watu kama 7,000. Tiketi zikaisha papo hapo.

Sasa, katika mji huohuo kulikuwa na uwanja mpya unaoitwa Páirc Uí Chaoimh, wa watu 45,000. Ulikuwa umejengwa upya kwa zaidi ya euro milioni 80, na milioni 30 kati ya hizo zilitoka serikalini. Watu wakauliza swali ambalo hata muuza kahawa wa Makadara, hapa Mombasa, angeuliza: mbona msichezee pale? Wakajibiwa haiwezekani. Uwanja ni wa GAA, chama cha michezo ya jadi ya Ayalandi, na kanuni zake zilikataza viwanja vyake kutumiwa na michezo shindani. Soka ni mshindani. Marehemu apumzike kwa amani, lakini nyasi ni zetu.

Ghasia zilizofuata unaweza kuzikisia. Wanasiasa wakaingia, magazeti yakaingia, wachezaji wa zamani wa pande zote wakaingia. Mwisho wa Julai baraza kuu la GAA likakaa na kuruhusu, na tarehe 25 Septemba mechi ikachezwa palepale mbele ya watu zaidi ya 40,000.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na habari ya Cork nimeitolea hoja barazani mara nyingi hadi wenzangu wananicheka. Msimamo wangu nautoa mapema nisikumalizie bando: uwanja ulioingia pesa ya umma ufunguliwe kwa mchezo mwingine, ndiyo, lakini hisani isiwe ndiyo sababu ya kuufungua. Hii nusu ya pili ndiyo inayoniletea ugomvi.

Kwanza tuwatendee haki wale waliokataa, maana ni rahisi kuwaona wabaya. GAA ilianzishwa mwaka 1884, Ayalandi ikiwa chini ya Uingereza, kulinda michezo ya wenyeji isimezwe na ya watawala. Michezo yenyewe ni halingi, unaochezwa kwa fimbo bapa na kijipira kinachoruka kama risasi, na kandanda la Kigaeli, ambapo mpira unadakwa, unapigwa teke na kugongwa kwa ngumi. Soka, raga na kriketi kwao ilikuwa michezo ya kambi za jeshi. Tarehe 21 Novemba 1920 askari wa Uingereza waliingia Croke Park, uwanja mkuu wa GAA jijini Dublin, katikati ya mechi, wakafyatua risasi. Walikufa watu 14, mmoja wao mchezaji aliyekuwa uwanjani, Michael Hogan. Jukwaa moja la uwanja huo linaitwa kwa jina lake hadi leo.

Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawakuamka tu siku moja wakaamua kuwa na roho mbaya. Walikuwa wakali hata kwa wao kwa wao. Mpaka mwaka 1971 mwanachama wa GAA alikuwa haruhusiwi kucheza wala kutazama michezo ya kigeni. Mwaka 1938 walimvua Douglas Hyde, rais wa kwanza wa Ayalandi, heshima ya kuwa mlezi wa chama chao, kosa lake likiwa kwamba alikwenda kutazama mechi ya soka ya timu ya taifa. Rais wa nchi! Hapa kwetu huyo angepangiwa viti vya mbele na ngoma juu.

Sisi watu wa Pwani tunaweza kuwaelewa kuliko tunavyodhani. Viwanja vizuri vya mji huu, vile vyenye nyasi za kweli na kivuli cha kukalia, vilianza kuwa vya klabu za wazungu, na babu zetu waliviona kwa nje ya ua. Lakini tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na cha kulinda kwa kanuni. Mpira tukauchukua tukaufanya wetu mpaka Feisal wakatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na watoto wa Mombasa wakasahau kwamba uliletwa na meli. Waayalandi walichagua njia nyingine. Siwezi kuwacheka.

Nyongeza ya haki yao: GAA ni chama cha ridhaa. Wachezaji hawalipwi mshahara, na viwanja vingi vimejengwa kwa michango ya vijiji, kiwanja kwa kiwanja, jumapili kwa jumapili. Mtu aliyeuza tiketi za bahati nasibu miaka nenda miaka rudi ili kijiji kipate uwanja ana haki ya kuuliza kwa nini mchezo wenye mamilioni ya televisheni uje kulala kitandani kwake.

Basi hoja ya kanuni na hoja ya historia nazikubali zote mbili. Lakini kuna zile milioni 30.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Msaada wa serikali kwa uwanja wa Cork ulihitaji idhini ya Tume ya Ulaya, kwa sababu huko serikali haiwezi kummwagia mtu mmoja pesa ya umma bila kueleza. Na maelezo yaliyopelekwa yaliuita uwanja huo wa matumizi mbalimbali. Yaani wakati wa kupokea pesa, mlango ulikuwa wazi kwenye makaratasi. Wakati wa kuombwa mlango, ikatolewa kanuni ya chama. Ukichangiwa harusi na mtaa mzima, huwezi siku ya pilau ukaweka bawabu anayeuliza watu ukoo wao. Waliokuchangia hawana haki ya kulala chumbani kwako, hilo sawa, lakini sahani moja wanayo.

Jamaa mmoja barazani, mhasibu mstaafu, alinibana hapa vizuri. Aliniambia, "Wewe unasema pesa ya umma kama kwamba ni zote. Milioni 30 katika 80 na ushei. Aliyetoa kubwa ni nani?" Nikamjibu kwamba mwenye sehemu kubwa ndiye mwenye nyumba, sina ubishi: apange kalenda yake kwanza, acheze fainali zake, afunge uwanja nyasi zikiumwa. Siku zinazobaki ndizo tunazozungumzia. Uwanja mkubwa kama ule unalala tupu siku nyingi za mwaka. Kumnyima mtu siku uliyokuwa huna kazi nayo, huku umekula mchango wake, ndiko kunakochoma.

Na sasa nije kwenye hisani.

Watu wengi walioitetea mechi ya Miller walitumia neno huruma. Ni mechi moja tu, ni marehemu, ni watoto watatu, jamani muwe na utu. Mimi nadhani utetezi huo, kwa uzuri wake wote, ulilitia suala mahali pabaya. Miller alikuwa na nini kilichofanya mlango utikisike? Alikuwa na United, Celtic, Roy Keane na kamera. Mji wa Cork, kama mji wowote, una wafiwa wengine. Kipa wa ligi ya mtaa aliyevunjika uti wa mgongo hana wakongwe wa kumwitia. Timu ya wasichana inayotafuta nauli haina waziri wa kuipigia simu. Ukifanya hisani kuwa ufunguo, umeufanya uwanja wa umma uwe tuzo ya wanaojulikana. Aliye na jina atafunguliwa, asiye na jina ataambiwa kanuni ni kanuni.

Hili nalijua kwa kuliishi. Mtaani petu kulikuwa na kijana, mlinzi wa kati, aliyehitaji upasuaji wa goti na mama yake anauza mahamri. Tukapanga mechi ya mchango, vijana wa mpira dhidi ya vijana wa raga, nusu moja mpira wa miguu na nusu nyingine raga ya kugusana tu, bila kuangushana, ili watu wacheke na watoe. Tukaomba uwanja mmoja wa umma, sitautaja. Afisa wa kwanza akasema raga hapana, itaharibu uwanja. Tukasema basi mpira peke yake. Akasema leta barua ya chama. Chama kikasema leta barua ya uwanja. Ofisi ya tatu ikatuuliza mgeni wa heshima ni nani, na kimya chetu kikawa ndilo jibu la ombi letu. Tukachezea uwanja wa shule ya msingi, mavumbi mpaka kwenye meno, na ndoo ya mchango ikazungushwa na dada zake. Goti lilifanyiwa kazi, alhamdulillahi. Lakini lile swali la mgeni wa heshima limenikaa. Tungekuwa na mheshimiwa wa kuja kupiga mpira wa kwanza, hakuna ambaye angekumbuka nyasi.

Maana nyasi zetu ni za ajabu. Hazivumilii njumu za raga lakini huvumilia majukwaa ya vyuma, maspika, magari ya msafara na maelfu ya viatu vya mkutano wa siasa. Sijawahi kusikia mkutano wa kampeni ukiahirishwa kwa ajili ya afya ya mizizi.

Mombasa yenyewe ina mchoro wa ajabu wa viwanja. Uwanja wa Manispaa, ambao kizazi cha baba zangu kilikuwa kikijazana, umekuwa kwa miaka mingi ni hadithi ya ukarabati. Bandari, klabu kubwa ya mji, imekuwa ikicheza Mbaraki, uwanja wa Mamlaka ya Bandari, yaani shirika la serikali. Na ni kwa jina la klabu hiyo tulibeba Ngao, kombe la mtoano la Kenya, mwaka 2015 na tena 2019. Raga na kriketi na hoki ziko Mombasa Sports Club, klabu ya wanachama, ambako pia zimewahi kuchezwa mechi za kimataifa za kriketi za siku moja. Tononoka ni ya mikutano, mahubiri na chochote kile. Sala ya Idi watu wengi husali kwenye uwanja wa shule ya Ronald Ngala, na saa chache baadaye palepale watoto wanapiga mpira kwa nguo mpya, mama zao wakipiga kelele. Kiwanja cha shule hakijawahi kulalamika kwamba kimechanganyiwa matumizi.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 24 Machi 2007. Siku hiyo Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika Mombasa. Yalifanyika uwanja wa gofu, ule wa kando ya bahari kabla ya kivuko cha Likoni. Gofu! Mchezo unaotunza nyasi zake kuliko mtu anavyotunza ndevu za harusi. Wakimbiaji wa dunia nzima wakapita juu yake kwa viatu vya misumari, joto likimpiga kila mtu, hadi Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa haguswi katika mbio hizo, akaacha mbio katikati. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mji ukasherehekea, na gofu inachezwa pale hadi leo.

Kilichowezesha siku ile ni mpango. Serikali ilitaka mashindano, klabu ikajua mapema, njia ikachorwa, ikajulikana nani anarudisha uwanja katika hali yake. Hakuna aliyehitaji kufa kwanza.

Ami mmoja, beki wa kulia wa zamani ambaye bado anatembea kama anamfuata winga, hakubaliani nami kabisa. Nilimkuta anamwaga kahawa ya pili, nikamweleza kisa cha Cork, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hao wazungu wana haki," akasema. "Mpira na raga haviketi pamoja. Raga wale wanaingia ishirini na ushei wanakumbatiana wanasukumana, wanachimba. Jumapili yake sisi tukicheza mpira unadunda kama umeingia jini."

"Lakini Ami, uwanja si ni wa kaunti? Na wao wanalipa kodi."

"Mimi nalipa kodi ya barabara. Nikitaka nianike samaki katikati ya barabara?"

Watu wakacheka, na nikakubali kwamba hoja yake ya udongo ina ukweli. Wanaosukumana kwenye skramu si zaidi ya ishirini, ni wanane kwa wanane, lakini kweli wanachimba. Mchezo wa halingi na kandanda la Kigaeli unataka uwanja wa mita 130 hadi 145 kwa urefu, na upana hadi 90, kwa hiyo soka ukiuweka ndani yake unachora mistari tu na nafasi inabaki. Mpira na raga vinakaribiana vipimo, mita 105 kwa 68 upande wa mpira, na raga mita 100 na upana wa hadi 70, ukiongeza sehemu za nyuma ya mstari wa goli. Kriketi ndiyo yenye shida ya kweli, kwa sababu katikati ya uwanja pana kile kipande cha udongo mgumu ulioshindiliwa, na njumu za wachezaji 22 wakikipitia baada ya mvua, umekimaliza. Riadha nayo hutoboa: mkuki na nyundo huacha mashimo ambayo beki atavunjia kifundo.

Na hapa Pwani tuna mawili ya nyongeza. Mvua za masika za mwezi wa Mei, ambapo uwanja wowote unageuka uji, na maji ya visima yenye chumvi, ambayo huua nyasi za kawaida taratibu. Kuna aina ya nyasi za pwani, paspalamu, zinazostahimili chumvi, na anayepanga kukarabati uwanja mji huu bila kufikiria hilo anapanda pesa. Kwa hiyo nikisema uwanja ufunguliwe sisemi ufunguliwe kila siku kwa kila mtu. Mtunza uwanja ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuulizwa, na jibu lake likiwa hapana, iwe hapana kwa wote, na mheshimiwa akiwamo.

Ila udongo haujawahi kuwa sababu ya kanuni ya GAA. Uwanja wa Cork ulikuwa umeandaa matamasha ya Ed Sheeran miezi michache kabla ya ubishi wa Miller. Jukwaa la muziki liliruhusiwa, mpira wa miguu ukakataliwa. Pale ndipo hoja ya nyasi ilipokufa. Na mwanzoni mwa 2019, katika mechi zao wenyewe za Kigaeli, nyasi za uwanja huo mpya ziling'oka vibaya ikabidi uwanja uwekewe nyasi upya. Wakongwe wa United hawakuwa wa kulaumiwa. Wengi wao walikuwa hawakimbii kiasi cha kung'oa kitu.

Nilimpa Ami mfano mmoja wa mwisho, wa Afrika Kusini. Mei 2010, timu ya raga ya Bulls ya Pretoria ilikuwa imefika nusu fainali na fainali ya Super 14, ligi ya raga ya timu za Afrika Kusini, Australia na New Zealand, lakini uwanja wake wa Loftus Versfeld ulikuwa ukiandaliwa kwa Kombe la Dunia la soka. Raga ikamwachia soka uwanja wake. Na soka ikamlipa: mechi zote mbili zikahamia Orlando Stadium, Soweto, nyumbani kwa Orlando Pirates. Mashabiki wa raga, wengi wao wazungu ambao hawajawahi kukanyaga Soweto maishani mwao, wakaenda na jezi zao za buluu, wakanywa na kula mitaani. Bulls waliwafunga Stormers 25 kwa 17 kwenye fainali. Kilichoanza kama tatizo la ratiba kikawa siku ambayo watu bado wanaisimulia.

Ami akasema hiyo ni fainali, si mechi ya kukusanya ndoo. Na bila kujua akawa amenisaidia, maana ndiyo hoja yangu: ukifungua kwa utaratibu wa kawaida, fainali itaingia na ndoo itaingia.

GAA wenyewe walilifikia hili kwa njia yao. Croke Park walikuwa wameshaufungulia raga na soka kwa kura ya mwaka 2005, kwa muda ambao Lansdowne Road, uwanja wa raga na soka wa Dublin, ungebomolewa na kujengwa upya. Februari 2007 Uingereza ikaja kucheza raga palepale alipouawa Hogan. Wimbo wa taifa wa Uingereza ukapigwa, watu wakasimama kwa heshima, kisha Ayalandi ikaifunga Uingereza 43 kwa 13, na hiyo nadhani ni namna bora ya kumkumbuka marehemu. Baada ya sakata la Miller chama kikalegeza kanuni, baraza lao likapewa uamuzi wa kuruhusu matukio maalum. Novemba 2022 Páirc Uí Chaoimh ikajaza watu zaidi ya 40,000 kutazama timu ya raga ya Munster ikicheza na kikosi cha pili cha Afrika Kusini. Hapakuwa na marehemu wala ndoo, palikuwa na kodi ya uwanja iliyolipwa, na uwanja wenye madeni ya ujenzi unaihitaji. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Upande mwingine uko pia, na nisipousema nitaambiwa nimeficha. London ilijenga uwanja wa Olimpiki ya 2012 kwa pesa ya umma, kisha ukakodishwa kwa West Ham kwa miaka 99. Viti vya chini husogezwa mbele kwa mpira na kurudishwa nyuma kwa riadha, na kila kuvisogeza ni mamilioni ya pauni yanayobebwa na mwenye uwanja, yaani umma, si klabu. Mchanganyiko wa michezo una gharama, na kama haijaandikwa nani anailipa, atalipa yule asiyekuwepo mezani.

Kwetu, katika Kenya, jibu la nani mwenye uwanja liko wazi kuliko Ayalandi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya michezo na vifaa vyake. Viwanja vya kitaifa kama Kasarani na Nyayo viko chini ya Sports Kenya, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013, na huko Nairobi raga ya Safari Sevens imewahi kuhamia viwanja hivyo vyote viwili bila mtu wa mpira kudai kwamba dini imechafuliwa. Sisi hatuna chama cha jadi kinachoshika ufunguo kwa historia ya damu. Uwanja wa kaunti ni wa kaunti asilimia mia. Kwa hiyo kisingizio tulicho nacho ni kidogo kuliko chao, na bado mlango wetu ni mgumu zaidi, kwa kuwa wao walikuwa na kanuni iliyoandikwa unayoweza kuipinga, sisi tuna simu.

Ninachotaka kibandikwe langoni, siku Uwanja wa Manispaa utakaporudi mikononi mwa watu, ni karatasi. Siku zipi ni za klabu za ligi. Siku zipi uwanja unapumzika. Siku zipi ziko huru kwa mchezo wowote, na aliyeomba kwanza apewe kwanza, na orodha ya walioomba ionekane. Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria kamili ya kuitekeleza, kwa hiyo siombi upendeleo. Bei ya taa, ya maji, ya walinzi na ya kurudisha nyasi iandikwe kwa shilingi. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili.

Mechi ya hisani ipange foleni pamoja na wengine. Ilipe gharama halisi, isilipe faida. Gharama hiyo ikiizidi, kaunti iwe na fungu dogo la kuisaidia, lenye idadi ya mechi kwa mwaka, na lichaguliwe hadharani, sio kwa kuangalia nani anamjua nani. Nimeulizwa kama si ukatili kumtoza pesa mama wa mgonjwa. Mama wa mgonjwa anatozwa leo, ila anatozwa kwa nauli za kwenda ofisi tatu, kwa soda za maafisa, na kwa aibu. Bei iliyoandikwa angalau inaweza kuchangwa.

Sharti moja zaidi nalitia mimi, na wenye kupanga mechi hizi hawatalipenda. Aliyetumia uwanja wa umma kukusanya kwa jina la mgonjwa arudishe hesabu kwa umma: kiasi kilichoingia langoni, kiasi kilichokwenda kwenye fulana na jukwaa, na kiasi kilichofika hospitalini. Ndani ya mwezi mmoja, kwenye ubao uleule. Asiyerudisha, mwaka unaofuata asipewe tarehe. Nimeona fulana nyingi nzuri za mechi za hisani mji huu, zimechapishwa picha ya mgonjwa kifuani na majina ya wafadhili mgongoni. Risiti za hospitali nimeziona chache.

Ami hili la hesabu aliliunga mkono papo hapo, kwa sauti, akitaka wenzake wa siku zao wasikie. La raga bado hajakubali. Anasema wakipewa Manispaa, magoli yao marefu wayabebe wenyewe kuja na wayabebe wenyewe kurudi.